Malalamiko Kuhusu Binti Yangu Kuchuja Wachumba Kimaabara

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Maabara ya Kutafuta Dawa,

Pokea heshima zangu. Mimi ni baba wa yule binti wenu anayeendesha mashine ya kudondosha matone ya dawa, dereva wa lori mstaafu, mtu niliyekunywa chai katika nchi saba na kugombana na askari wa mipaka yote. Shule niliiacha ingali inanihitaji. Akili ninayo, na ndiyo inayolalamika.

Jumamosi bwana mmoja, muuza vioo, anakuja na wazee wake kuchukua jibu la posa. Binti hana jibu. Anasema bado anachuja. Kosa ni lenu, kama ifuatavyo:

1. Mmemfundisha kukataa bila kuonja. Eti siku hizi kompyuta hupitia mamilioni ya dawa ambazo hata hazijatengenezwa, ikabakiza chache za kujaribu. Sawa, hizo ni dawa. Yeye kauliza maswali kwenye simu, wachumba wawili wakaanguka kabla hawajachana nywele.

2. Vipande. Nasikia mnatafuta vijipande vinavyoushika ugonjwa kidogo kidogo, kisha mnaviunga viwe dawa moja. Basi binti, kwa wachumba watatu, kapenda kicheko cha fundi saa, mikono ya mwalimu na subira ya mchimba visima. Mheshimiwa, siku ya harusi ataingia nani mlangoni, kicheko au mikono?

3. Kipimo cha sumu. Ninyi mnatumia chembe za ini. Yeye anatumia bibi yake, yaani mama yangu mzazi. Mchumba anaachwa naye sebuleni mchana kutwa. Fundi saa alitoka akasahau kofia. Mwalimu hatujamwona tena. Ini gani litashindana na mama yangu?

4. Nikajishusha, nikatumia elimu yenu wenyewe: dawa ya zamani hupewa kazi mpya, kwa kuwa imeshazoeleka. Nikamsifu huyu wa vioo, ameshaoa na kuacha mara mbili, ana uzoefu. Akanijibu, "Baba, hata madhara yake yameshajulikana."

Kwa hiyo naomba mlegeze kichujio. Ikishindikana, mpimeni muuza vioo kwenye mashine, mnipe cheti chenye muhuri. Najua vishimo vya ile sahani yenu ya kupimia dawa ni vidogo, atakunja miguu. Hilo nalo likishindikana, fungeni maabara mpaka binti aolewe. Magonjwa yalikuwepo kabla yetu, yatasubiri.

Nisalimie wanasayansi wote, mlinzi wa getini, na mashine yenyewe, isije ikanuna.

Wako mwenye uchungu wa mwana, japo sikuzaa mimi,
Baba wa Mpima Matone

Nyongeza: Jumamosi imefika kabla sijaituma barua. Muuza vioo kasema akishamwoa, binti ataacha kuchezea matone, akae nyumbani. Nikaona mtu anawafungulia wageni mlango watoke. Kumbe ni mimi. Nimewaambia warudi binti akishapata dawa. Binti ananiambia kazi hiyo huchukua miaka kumi, pengine na zaidi. Msifunge maabara. Hatuna haraka.