Kumpenda Umurerwa Wakati wa Ramadhani

Jumatatu, 9 Machi

Naahidi kuandika yote, hata yanayoniaibisha. Mungu anayajua tayari, na daftari hili halimwambii mtu.

Umurerwa bado haketi nami. Siku ya kwanza ya Ramadhani nilimpa karatasi yenye aya kumi na nne za Biblia, zote nimezipigia mstari mwekundu. Aliisoma hadi mwisho, akaikunja vizuri, akahamia dawati la Murekatete. Tulikuwa tunaketi pamoja tangu darasa la nne! Upande wake naufuta vumbi kila asubuhi, asije akarudi akaukuta mchafu.

Jana mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, Mukabera, alitupa kazi. Wiki hii kila mmoja amwonyeshe mtu wa dini nyingine upendo wa Kristo, kisha aje aeleze. Wenzangu hawakujua wamtafute nani. Mimi ninaye. Na mpango ninao.

Jumanne, 10 Machi

Sambaza, vile visamaki vya ziwani. Mama alizikaanga alfajiri, kavu, zenye ndimu, kama Umurerwa anavyozipenda. Saa ya chakula nikamfuata alipokaa kivulini, nikafungua kopo karibu na pua yake ili ajue ni zake. Akafumba macho. Nilidhani ni furaha.

Murekatete ndiye aliyenikumbusha, kwa sauti iliyofika hadi jikoni: "We Gwiza, uko mutu wa namna gani? Mwenzako anafunga, na we unamuletea samaki?" Murekatete ni Msabato, lakini saumu za watu anazijua zote.

Nikazila mwenyewe, nimewapa mgongo kwa heshima. Zilikuwa tamu sana. Hilo ndilo lililoniuma.

Alhamisi, 12 Machi

Mpango mpya. Kufunga pamoja naye. Kanisani kwetu tunafunga pia, lakini huwa tumekaa tukiomba, hatuchezi mpira wa wavu. Asubuhi sikula kitu. Mapumziko yote nikasimama kando ya bomba ili aone kwamba sinywi. Hakupita. Saa nane, uwanjani, nikaanguka kabla mpira haujanifikia.

Nilipofumbua macho, Umurerwa alikuwa amenishika kwapani, ananipandisha ngazi kwenda ofisini kwa katibu. Yeye mwenyewe hajala. Akanikorogea maji ya sukari, nikayanywa yote mbele yake. Akaniuliza kama nilikula daku. Nikauliza daku ni kitu gani. Akacheka. Karibu mwezi sijasikia kicheko kile. Akasema wao huamka kabla ya alfajiri wakala kwanza, na kwamba mimi nilifunga kama mtu anayesafiri bila viatu.

Kisha akasema mama yake anafuturisha wageni Jumamosi. Nije, kama nataka.

Nataka.

Jumamosi, 14 Machi

Nimevaa gauni la Krismasi. Walinikaribisha mkekani karibu na bibi yake. Uji wa moto, sambusa, maharage ya nazi, tende. Adhana ikasikika, kila mtu akashika tende yake. Hapo nikakumbuka Mama alivyonifundisha: mgeni hushukuru kwa ajili ya chakula. Nikaomba ruhusa. Baba yake Umurerwa, mtu mpole, akasema hakuna shida, mtoto aombe.

Nilianza na uumbaji. Nikawaombea wagonjwa, viongozi wa mtaa, wanaovuka mpaka kwenda Goma, wavuvi, na mwishoni, kwa upendo mwingi, wote ambao bado hawajaipata njia. Bibi alisema amina mara nne. Nilidhani ameguswa, nikaongeza.

Nilipofumbua macho, tende zilikuwa bado mikononi. Hakuna aliyenikemea. Bibi akanipapasa goti. "Mungu amesikia, mutoto wangu. Bon, tukule, uji iko napoa." Sambusa ya kwanza akanipa mimi.

Umurerwa alinisindikiza hadi barabarani. Alitangulia hatua tatu. Akasema bibi yake ana miaka sabini na nne, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu kumcheleweshea tende. Akageuka, akarudi nyumbani. Nilisimama pale hadi pikipiki ya tatu ikaniuliza ninakwenda wapi.

Jumapili, 15 Machi

Nimemweleza Mwalimu Mukabera yote. Akasema upendo wakati mwingine ni kukaa kimya na kula uji wa watu. Akasema nikaombe radhi, mimi na Umurerwa tu, kwa maneno machache.

Nimemwelewa kabisa. Kosa lilikuwa urefu. Sala ikiimbwa haichoshi, na radhi ikiombwa na wengi hupokelewa haraka. Nimezungumza na kwaya ya vijana, wamekubali. Barua ya kumpa Umurerwa kesho ni hii, nainakili hapa:

"Umurerwa, nisamehe. Dawati halijakaliwa na mtu. Siku ya Iddi nitakuja kumwomba bibi radhi. Nijibu nyuma ya karatasi hii kabla ya kengele ya pili: sebule yenu inaingia watu thelathini na wawili na ngoma mbili?"