Ombi la Wakazi wa Nuu Kuandikishwa Kuwa Samaki

Nuu, Wilaya ya Kitui
Ijumaa, 21 Septemba 1984

Kwa Mkurugenzi,
Mradi wa Maji Safi Nyanda Kame,
Kitui.

Bwana Mbugua,

Maji ya kisima cha pampu cha Nuu yana gramu tisa za chumvi katika kila lita, na hayafai kwa binadamu wala ng'ombe. Hayo uliyasema wewe mwenyewe Jumanne, tarehe 18, saa nne asubuhi, ukiwa kwenye veranda ya ofisi yako mbele ya wajumbe wanne wa kamati yetu ya maji, nami nikiandika. Uliongeza, huku ukicheka kidogo: "Labda mtafute samaki wa baharini, hao watayapenda." Kesho yake pampu ilifungwa kwa mnyororo na kufuli. Tarehe 1 Oktoba lori lako litakuja kuing'oa na kuipeleka kwingine.

Wakazi wameniomba nikujibu kwa maandishi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Hawabishani na kipimo chako. Wanalalamikia mambo yafuatayo.

1. Katika chumba chako cha wageni kuna tangi la kioo. Nililipima kwa rula tulipokuwa tukikungoja, na muda ulitosha: linachukua lita mia tatu. Wanaishi humo samaki saba. Mlinzi wako, Bwana Ndolo, alinieleza kwamba kila Ijumaa nusu ya maji hayo humwagwa, na maji mengine matamu huletwa kwa lori. Leo ni Ijumaa. Samaki saba wamepata lita mia moja na hamsini. Nyumba mia moja na arobaini za Nuu hazijaliona lori hilo tangu lizaliwe.

2. Kando ya tangi umebandika chati ya elimu ya samaki, nami nimeinakili yote. Inasema samaki wa maji matamu hanywi maji. Maji humwingia yenyewe kupitia matamvua na ngozi, naye hushinda akikojoa ili asifure. Mama Muthoki, mwakilishi wa akina mama katika kamati, alitaka mstari huo usomwe mara mbili. Kisha akasema kwa sauti iliyomfikia karani wako: "Aiya! Analala ndani ya maji na hanywi? Si angetuachia sisi?" Swali hilo halijajibiwa.

3. Tangi lina pampu ndogo ya umeme ya kuingiza hewa majini usiku na mchana, maana samaki hupumua hewa iliyoyeyuka humo. Pampu yetu pia ilikuwa hodari wa hewa. Ilitoa hewa dakika kumi nzima kabla ya kutoa maji, huku watu wawili wakining'inia kwenye mkono wake. Ile inayopeleka hewa kwenye maji ina fundi wa kuitunza. Yetu ina kufuli.

4. Chati inaendelea kusema kwamba lita moja ya maji ya bahari ina gramu thelathini na tano za chumvi. Jua likipiga, maji hupanda kama mvuke lakini chumvi haipandi. Hubaki chini, na maji yanayosalia huzidi kuwa makali. Kwa kipimo chako, basi, Nuu ni robo ya bahari. Hata hivyo hatujapewa robo ya bandari, wala robo ya hoteli, wala robo ya mtalii. Tungeridhika na ile robo yenye kamera.

5. Samaki wa baharini, tofauti na mwenzake, hunywa maji ya chumvi na kuitoa chumvi hiyo kupitia matamvua. Mwenyekiti wetu, Mzee Nzomo, mwenye umri wa miaka sabini na moja, amekunywa maji ya pampu hiyo kwa miaka tisa. Anauliza yeye ameitolea wapi. "Nimejipapasa shingo yote," aliniambia, "sina tundu hata moja."

6. Mchungaji Kiema amebatiza watu sitini na wawili katika birika la pampu hiyo, na sasa wanauliza kama ubatizo katika maji yasiyofaa kwa ng'ombe unashika. Aliwajibu kanisani kwamba Yordani yenyewe inaishia kwenye chumvi. Wengine kumi na tisa wanangoja zamu. Wawili kati yao wamerudia pombe.

7. Akina mama sasa huchimba mchanga wa mto, kilomita kumi na moja kwenda na kumi na moja kurudi. Jana Nthenya, mke wa Kivuva, mwenye mimba ya miezi saba, alianguka njiani na mtungi wa lita ishirini. Mtungi ulipasuka. Yeye yuko kitandani.

Kwa sababu hizo, tunaomba kwa heshima tuandikishwe kuwa samaki wa maji matamu, daraja la tangi lako. Tukikubaliwa, tutatarajia lori kila Ijumaa, chakula mara mbili kwa siku, na mtu wa kugonga kioo akituona tumezubaa. Tunaahidi kunywa kidogo tu, ingawa chati hairuhusu.

Ikiwa nafasi zimejaa, tubadilishane. Samaki wako saba waje Nuu, na saba wetu wakae katika chumba chako cha wageni kwa zamu. Mzee Nzomo amekubali kutangulia, mradi kioo kifunikwe wakati wa kuoga.

Wasalimie nyumbani kwako, karani, Bwana Ndolo, na samaki wote, hasa yule mweusi aliyetutazama kwa saa mbili ambazo wewe hukutoka.

Ni mimi, kwa niaba ya kamati,
Jonah Kasyoka,
mwandishi wa habari.

N.B. Kabla ya kutia barua hii kwenye bahasha nilimuuliza Mama Muthoki, kama ninavyopaswa kumuuliza kila shahidi, maji ya kupimwa yalitekwa vipi. Anasema barua yako ya Agosti ilitaka "maji safi", na nesi wa kliniki aliwafundisha kwamba maji safi ni yaliyochemshwa. "Kwani tungepelekea ofisi kubwa maji mabichi?" Aliweka lita nane jikoni saa moja asubuhi. Gari la kuyapeleka Kitui lilichelewa, naye hakutaka yapoe, kwa hivyo aliyaacha motoni hadi saa tisa alasiri. Yaliyobaki yalijaza chupa ya lita moja uliyoituma pamoja na barua hiyo. Tafadhali rudia namba 4, pale panapotaja jua, kisha gawa tisa kwa nane: ni gramu moja na kidogo kwa lita, na maji hayo yananyweka.

Ombi la kuwa samaki tunaliondoa. Mama Muthoki atakuwa mlangoni pako Jumatatu, tarehe 24 Septemba, saa mbili asubuhi, akiwa na chupa ya maji mabichi ya pampu, aliyoyateka kabla ya kufuli, na vikombe viwili.