Hongera kwa Shangazi Yako

Ijumaa, 13 Septemba

Dada Mia amesema tena, mkono juu ya tumbo: mtoto akizaliwa, kochi ninalolalia linaondoka, nami naondoka nalo. Sawa! Mpango ninao. Mama amefukua ndugu: Shangazi Aleida wa Deventer, binti wa binamu wa babu, au binamu wa binti wa babu, sikushika vizuri. Hana mume, hana mtoto. Ana nyumba ya kale mtaa wa Mlimani, mlango wa kijani, na chumba cha darini kisicho na mtu. Kesho ni siku yake ya kuzaliwa. Mama ameonya: yuko kijana mwingine wa ukoo, Wolter, naye anakimezea mate chumba hicho. Wolter ni nani mbele yangu mimi, Sjeng? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nakwenda na vlaai, pai yetu ya cheri, kubwa kama gurudumu.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimefika. Simu imezima njiani, na namba ya nyumba imo ndani yake. Nikamuuliza mama mmoja huo mlima uko wapi. Akasema nimesimama juu yake. Kwetu Limburg kichuguu kile kisingepewa hata jina. Na mtaa mzima ni milango ya kijani! Lakini Mungu si Athumani: dirisha moja lilikuwa na vibendera vya siku ya kuzaliwa. Nikaingia.

Viti vimepangwa duara, kama ipasavyo. Nikazunguka nikipeana mikono, maana kwetu hupongezwa kila aliyekuja, si mwenye siku tu: hongera kwa shangazi yako, hongera kwa mama yako, hongera kwa jirani yako. Wote wakanirudishia hongera. Hakuna aliyeuliza mimi nani. Ndiyo adabu: kumuuliza mtu ndani ya duara ni kukiri kwamba umemsahau. Shangazi mwenyewe nilimbusu mara tatu. Akanitazama sana, akauliza mimi ni wa upande upi. Nikasema wa mama.

"Ahaa," akasema. "Upande huo."

Pai yangu wameikata vipande vyembamba hata ungesoma gazeti kupitia humo. Nikapewa kimoja, sahani ikafunikwa. Watu wa huku! Wolter nimemtambua mara moja: jitu refu lenye masharubu, anajua vijiko vilipo bila kuuliza. Akaitania lafudhi yangu ya kusini. "Bwana, tema kwanza hicho ulichomeza, ndipo tukusikie!" Duara zima likacheka. Nimeliweka moyoni.

Jioni Shangazi akasema mvua kubwa, nilale darini. Darini! Kitanda, dirisha, mnara wa kanisa. Nimelia kidogo.

Jumapili, 15 Septemba

Mkakati: niwe wa lazima. Nimeosha madirisha yote. Nimemenya viazi. Nimemtembeza Shangazi kando ya mto, akanishika mkono kama mwanawe.

Wakati wa kahawa nikamchongea Wolter. Nikasema nimesikia anapiga tarumbeta usiku, nyumba ya kale haiwezi kustahimili. Shangazi akacheka mpaka miwani ikaanguka. Akasema kumbe Harm anapiga tarumbeta! Kwa nini Harm? Jina la utani, bila shaka.

Kuna jambo zito zaidi. Ukutani zipo picha za watoto watano. Nikauliza ni wa nani. Akasema wake. Lakini Mama aliapa kwamba Aleida hakuzaa! Watoto watano wa siri, na ukoo mzima kimya! Nimeamua kumtunzia aibu yake. Nimembana mkono nikamwambia ninaelewa yote. Akaniangalia, akanifungulia kopo, akanipa biskuti ya pili. Ya pili! Kwa mtu wa Deventer hiyo ni kama hati ya nyumba.

Jirani anagonga misumari kutwa nzima. Namhurumia anayeishi na kelele hizo.

Jumatatu, 16 Septemba

Sielewi dunia.

Asubuhi mwenye masharubu kanipa chaja. Simu ikawaka, Mama akapiga hapo hapo. Kwa nini sikwenda? Aleida alikesha na kahawa yake Jumamosi! Nikasema niko sebuleni kwake. Mama akasema Aleida yuko sebuleni kwake, amezungumza naye sasa hivi, na mimi simo. Vibendera? Aleida havitundiki, anasema ni vya watoto. Na jana Wolter alihamia darini kwake, anapigilia rafu za vitabu.

Misumari!

Nikamtazama bibi yule. Anaitwa Geesje. Harm ni mkwewe. Akasema alijua tangu mlangoni.

"Mwanangu, kwetu hakuna anayeleta pai kubwa namna ile. Sasa kaa, kuna jambo nataka—"

Nani akae! Chumba changu kimeporwa upande wa pili wa ukuta! Nikatoka mbio.

Aleida kafungua mlango, kitambaa cha maji kichwani. Wolter ni kijana mfupi, hana masharubu hata moja. Hapo akili yangu ikafanya kazi kuliko siku zote. Nikamvuta kando. Nikamwambia kuna chumba cha darini jirani hapo: dirisha kubwa, mnara, kimya, bibi mwenye moyo wa dhahabu, biskuti mbili. Chumba kama hicho hakipatikani mji huu! Akavaa koti, akaenda kuona. Hakurudi ila kuchukua vitabu.

Ushindi! Nikamgeukia Aleida, nikambusu mara tatu, nikamwambia hongera. Akasema ahsante sana kwa kumwondoa yule, misumari yake ilitaka kumpasua kichwa, hatamweka mtu tena humo maisha yake yote. Akafunga mlango.

Nikarudi kwa Geesje kuchukua begi. Wolter alikuwa tayari amekalia kiti changu.

"Nilitaka kukwambia ukae," Geesje akasema. "Taulo nilikuwa nimeshakuwekea. Lakini kijana kasema wewe ndiye uliyemtuma, nikadhani chumba hukipendi."

Taulo ilikuwa ya bluu, imekunjwa vizuri. Nikasema ahsante. Nikachukua begi.

Jumanne, 17 Septemba

Treni ya kurudi kwenye kochi. Mia ametuma ujumbe: kitanda cha mtoto kimefika.

Nimetafakari sana. Kosa ni la vibendera, si langu.

Treni imesimama Zutphen. Ng'ambo ya reli, nyumba ya kale, ndefu, dari yake ina dirisha safi. Chini vibendera! Viti duara! Nimeshuka. Nimenunua keki, safari hii ndogo, maana nimejifunza. Mlango u wazi. Nimepeana mikono na wote, hongera, hongera. Naandika haya chooni. Bibi mwenyewe anabisha mlango, anauliza mimi ni wa upande upi.

Wa mama.