Malalamiko Kuhusu Kushikwa Mkono na Mtu Aliyefunika Uso

London, Februari 1612

Kwa Mheshimiwa Bwana Msimamizi wa Michezo ya Kasri,

Naanza kwa kukiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Lile wingu la jukwaani lililokwama hewani mwezi uliopita, mungu wa kike wa Amani akiwa amekaa juu yake, halikukwama kwa sababu ya kamba mbovu. Niligonga mimi gurudumu la kulishushia, kwa mgongo, nikicheza dansi.

Mimi ni mwanafunzi wa miaka kumi na mitano. Mjomba wangu, anayewashonea wachezaji nguo, alinipatia nafasi kwenye benchi la nyuma, nami nilikuja kusikiliza mashairi tu. Kwa kuwa mchezo utarudiwa Jumanne ijayo, kabla ya Kwaresima, na mjomba ameshasema, "Utakuja tu, hata kwa kuburutwa," naleta malalamiko yangu mapema.

1. Mabwana na mabibi waliovaa barakoa hushuka jukwaani kuchagua watazamaji wa kucheza nao. Mimi nilisimama kwa sababu kofia ya bwana mmoja mnene ilinizuia kuona. Sikujua kwamba anayesimama wakati huo amejitolea kucheza. Bibi mmoja mwenye barakoa ya fedha akanishika mkono. "Twende, bwana mdogo." Nyuma yangu mtu akacheka: "Mwacheni, huyo lazima aombe ruhusa kwa mwalimu!"

2. Yeye aliuona uso wangu wote, pamoja na chunusi. Mimi sikuona hata nyusi zake.

3. Babu zetu waliita michezo hii Kujigeuza. Siku hizi watu wa kasri wanaiita Barakoa. Basi kama shughuli yenyewe ni Barakoa, asiye nayo hakualikwa, wala halazimishwi. Nimeipima hoja hii kwa mantiki tunayofundishwa shuleni, sikuona tundu.

4. Kijana aliyeigiza Amani alining'inia mpaka nyimbo mbili zikaisha, akipiga kelele: "Jamani, nishusheni, nimebanwa na mkojo!" Amani haipaswi kusema hivyo mbele ya mabalozi.

Kwa hiyo naomba kila mtazamaji apewe barakoa mlangoni. Ikishindikana, wapewe wenye haya tu. Ikifaa kasrini, itafaa pia shuleni siku ya kukariri Kilatini, na kanisani, na nyumbani wageni wanapokuja na binti zao. Ndani ya mwaka mmoja hakuna mtu London atakayeona haya, maana hakuna atakayejulikana.

Nisalimie wapiga zeze, mafundi wa mawingu, na hasa yule kijana wa Amani.

Wako kwa heshima na hofu kiasi,
Ambrose Thackrell

Nyongeza: Wino ulikuwa haujakauka mjomba alipopita kuchukua mkasi wake, ndipo akakumbuka. Usiku ule barakoa zilipovuliwa, mimi nikiwa nimejificha nyuma ya mlima wa mbao, bibi yule wa barakoa ya fedha alimwuliza mjomba: "Yuko wapi yule aliyekuwa akichezesha midomo kufuata mashairi? Mwambie siku nyingine asimame tena." Tafadhali futa namba moja hadi nne, pamoja na ombi la barakoa. Nikifunikwa uso, atanitambuaje? Nimetoka sasa hivi kwa mwalimu wa dansi. Nilibisha hodi, nikamwambia jina langu, na kwamba nina siku nne hadi Jumanne.