Namba Yangu Mgongoni mwa Mama

Asha, acha kunielimisha. Nimeshajua. Kila anayeomba chuo hapa hupewa namba ya mwanafunzi, hata yule watakayemkataa. Ni namba ya faili tu. Sawa. Nimelijua hilo leo saa sita mchana, mbele ya kanisa zima, kipaza sauti mkononi. Ijumaa nilikuwa sijui. Na hiyo "si ungefungua barua usome" usiniletee leo. Huo ulikuwa ushauri wa Ijumaa.

Ngojeni niwape yote kwa mpangilio, maana naona wengine humu kwenye grupu mmeshaanza kutuma vikatuni vya kucheka kabla hamjajua mnacheka nini.

Mnajua niliomba vyuo vitatu. Vyote uuguzi. Cha kwanza kilijibu nafasi zimejaa. Cha pili kikajibu hivyohivyo, ila kwa maneno marefu. Mama akaniambia nizichapishe barua zote mbili. Akazikunja, akaziweka chini ya Biblia yake pale karibu na cherehani, ziombewe zibadilike. (Ziko palepale. Hazijabadilika.)

Kanisani akiulizwa, "Mama Riziki, mtoto chuo vipi?" anajibu, "Tunangojea."

Nikamwambia, "Mama, wamekataa. Hatungojei kitu."

"Mutoto, hao wamekataa kwa leo. Kesho si wanaweza kuamka na akili ingine?"

Mama ametoka Uvira na mashine moja ya kushona na mimi mgongoni. Tukakaa Kigoma miaka saba, ndipo tukaja huku kusini. Mtu wa namna hiyo humwelezi maana ya "nafasi zimejaa". Kwake kila kitu kilikuwa kimejaa, na kila mahali aliingia.

Haya. Ijumaa nimelala kwenye kochi, simu usoni, kama nilivyolala tangu matokeo ya matriki, mtihani wa kumaliza sekondari, yatoke. Meseji ikaingia kutoka chuo cha tatu. Asante kwa kuomba, namba yako ya mwanafunzi ni hii, jibu lako liko kwenye barua pepe. Mimi nikaona namba. Tarakimu tisa! Macho yakaishia hapo. Vile vyuo viwili havikunipa namba. (Asha amenionyesha sasa hivi: walinipa. Sikusoma.)

"Mama! Nimepata namba!"

Cherehani ikanyamaza. "Namba ya nini?"

"Ya mwanafunzi!"

Mama akatafakari kama hakimu. Kisha akasema, "Nani anapewa namba ya mwanafunzi kama hayuko mwanafunzi?"

Nyie mngebishana na hiyo? Mimi sikubishana. Mama akapiga magoti hapohapo juu ya vipande vya vitambaa, na pini zote zile. Barua yenyewe nilijaribu kuifungua, ikazunguka, ikazunguka, bando likaisha. Jumamosi bando lilikuwepo. Mbona sikuifungua Jumamosi? Kwa sababu Jumamosi nilikuwa natafuta viatu.

Na Mama alikuwa ameenda Fordsburg kununua kitenge. Bluu, chenye maua ya njano. Akashona siku nzima. Jioni akaniita nione blauzi yake. Mbele nzuri kabisa. Akageuka.

Mgongoni, kutoka bega hadi bega, amedarizi namba yangu kwa uzi wa njano.

"Mama! Hiyo ni nini?"

"Namba."

"Yote?"

"Ulitaka niikate katikati?"

Mama yangu alionekana kama mchezaji wa timu yenye wachezaji milioni mia mbili. Nikacheka mpaka nikakaa chini. (Nilikuwa bado nacheka wakati huo.)

Sasa leo. Kutoka kwetu Turffontein hadi kanisani ni mwendo wa miguu tu, ukumbi uko juu ya duka la matairi. Njiani Mama anatembea mbele yangu na mdogo wangu makusudi ili namba isomwe. Kwenye robot, zile taa za barabarani, dereva mmoja wa teksi akapiga honi, akauliza kama hiyo ni namba ya simu. Mama akamwambia ni ya daktari wa baadaye.

"Muuguzi," nikasema.

"Tutaanzia hapo," akasema.

Lazima niwaeleze kitu kuhusu kanisa letu. Pasta ana sheria: ushuhuda lazima uwe na karatasi. Mwaka jana kaka mmoja alishuhudia kwamba amepata kibali cha kukaa nchini, tukaruka, tukalia, wiki iliyofuata akaja kuomba tumwombee apate kibali. Tangu hapo, umepata kazi, leta barua ya kazi. Umepona, leta cheti cha kliniki. Karatasi inawekwa ukutani kwa projekta, na Pasta anaitafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya wazee.

Projekta ni ya Papa Zawadi. Siku za kazi ni mlinzi, na leo alitokea zamu moja kwa moja, macho mekundu. Nikamfowadia barua palepale mlangoni.

"Umeisoma?" akaniuliza.

"Iko sawa, Papa."

Iko sawa! Nani alinituma?

Wakati wa shuhuda ukafika. Nikaitwa. Nikasimama mbele, uso kwa watu, mgongo kwa ukuta. Nikaanza vizuri sana. Nikasema nilivyokataliwa mara ya kwanza. Watu wakasema pole. Nikasema mara ya pili. Mama akainamisha kichwa, maana zote mbili hakuwahi kumwambia mtu. "Lakini chuo cha tatu," nikasema, "kimenipa namba!"

Vigelegele! Papa Zawadi akabonyeza. Barua ikatokea nyuma yangu. Sikugeuka. Mtu akiwa kwenye ushindi wake anageuka kufanya nini?

Hapo kanisa likagawanyika, na mimi nikaona bila kuelewa. Mama zetu wanapiga vigelegele, wamesimama. Watoto waliozaliwa huku, wale wa mstari wa mbele, ambao Kiswahili wanakisikia tu lakini Kiingereza wanakisoma kama maji, wamenyamaza. Wote. Kama wameona ajali.

Mdogo wangu Grace, miaka tisa, akanyoosha mkono.

"Dada," akasema kwa Kiswahili chake kile cha kuokoteza, "iyo barua nasema hapana."

Na mimi, jamani, mimi nikiwa nimepandwa na roho ya mahubiri, nikanyoosha kidole juu: "Adui anasema hapana! Mungu anasema ndiyo!"

"AMENIII!"

"Hapana, Dada, barua ndo nasema."

"Grace, kaa chini!" Mama.

Pasta akainuka, anacheka. "Ngojeni nitafsiri, mutoto asituchanganye." Akavaa miwani. Pasta hasomi kwanza halafu akatafsiri. Anatafsiri huku anasoma, tena kwa sauti ya uamsho.

"Wanasema: Riziki, tunakushukuru kwa kuchagua chuo chetu!"

"Ameni!"

"Mwaka huu tulipata maombi mengi kuliko nafasi!"

"Alleluia!" Na mtu nyuma: "Lakini wetu amepenya!"

"Kamati iliangalia maombi yako kwa makini sana!"

"Ameni!"

"Na tunasikitika..." Sauti ikashuka ngazi moja. "...kukujulisha..." Ngazi nyingine. "...kwamba hukuchaguliwa."

Nikasikia mashine ya matairi chini ikipumua.

"Ameni," akasema Bibi Nyota. (Bibi Nyota hasikii mtu akishusha sauti. Anasema ameni ili kuwa salama.)

Nikageuka. Papa Zawadi, maskini, akataka kuiondoa barua ukutani haraka. Badala ya kuiondoa akaikuza. Neno la kukataliwa likajaza ukuta mzima, kila herufi urefu wa Grace. Akabonyeza tena. Likakua tena. Eish! Mimi nimesimama mbele ya herufi moja kama mtu anayepigwa picha nayo.

Kisha nikaona Mama anakuja. Anakuja kutoka mstari wa nyuma, kwa hiyo mimi naona uso wake, na kila anayepitwa anaona mgongo. Na kila anayeona mgongo anaangalia chini. Ndipo nilipotaka kufa. Aibu yangu ningeivumilia. Ile namba mgongoni mwake, hapana.

Akanipokea kipaza sauti. Nikajua ataniombea toba.

"Ndugu zangu," akasema, "hii ni ya tatu. Hizo mbili ziko nyumbani, chini ya Biblia. Niliwaambia tunangojea. Nilidanganya. Kulikuwa hakuna cha kungojea. Mutoto alitaka kusema, mimi nikamuziba mudomo juu ya kuona haya." Akapumua. "Pilau iko tayari, nilipika kwa furaha, siwezi kuipika upya kwa huzuni. Muje mule tu."

Mama Pasta, pale kwenye kiti chake cha mbele, akakohoa. Akakohoa tena.

"Papa," akamwambia mumewe, polepole, "sema na ya Daniel."

Daniel ni mtoto wao. Yuko chuo Durban, anasoma uhandisi. Kila mtu anajua.

Pasta akavua miwani. Akaifuta kwa tai. "Daniel," akasema, "iko Durban, hiyo ni kweli. Anaosha magari. Walimukataa mara nne."

(Mwaka mzima tumefunga na kuomba kwa ajili ya mitihani ya Daniel. Mimi mwenyewe nimekosa chakula cha mchana mara mbili.)

"Ameni," akasema Bibi Nyota.

Hapo mtu mmoja akacheka, sijui nani, na kanisa zima likafuata, hata Pasta, hata Mama, akicheka huku anajipangusa na upindo wa kitenge. Mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa nimeshika ukuta.

Papa Zawadi kumbe alikuwa bado anapambana na kile kidude chake. Barua ikaruka hadi mwisho kabisa wa ukurasa. Grace akanyoosha mkono tena. Safari hii hakungoja ruhusa.

"Dada, huku chini nasema Jumatatu."

"Jumatatu nini?"

Akanisomea kwa Kiingereza, kidole hewani, taratibu kama mwalimu. Uuguzi umejaa, lakini kozi nyingine za afya zina viti vilivyobaki. Aliyekosa aje mwenyewe getini Jumatatu saa mbili asubuhi, na vyeti halisi. Na namba yake ya mwanafunzi.

Yaani ilikuwepo tangu Ijumaa. Mstari wa mwisho. Nimeoneshwa na mtoto wa miaka tisa, ukutani, mbele ya watu sitini.

Basi tumekula pilau, tumerudi. Mama amezitoa zile barua mbili chini ya Biblia, akaniambia nizisome zote mpaka mwisho, kwa sauti. Nimezisoma. Hamna kitu chini. Akazichana, akazitumia kupima kola.

Kiti cha kesho sina uhakika nacho, msianze kunipongeza. Naweza kurudishwa mara ya nne na nikamfikia Daniel. Lakini nimeshapanga: saa kumi na moja alfajiri niko kwenye foleni, vyeti kwenye bahasha, na kila karatasi nitakayopewa nitaisoma mpaka jina la aliyesaini. Mama anakuja na mimi. Nimemwomba avae nguo nyingine, amekataa.

"Wamesema muje na namba," anasema.

Kwa hiyo mkicheka, chekeni leo, mmalize. Kesho nikifika dirishani, yule dada akiniuliza namba yangu ya mwanafunzi, nitamwambia Mama ageuke.