Akina Stephen Saba

Jumatatu, 21 Januari 2008

Ofisi imefunguliwa leo baada ya wiki tatu. Tuko wanne. Kabla ya uchaguzi tulikuwa kumi na tisa.

Nilitembea kutoka Langas mpaka mjini Eldoret, kitambulisho ndani ya soksi ya kushoto. Hakuna kijana aliyenisimamisha kizuizini ili asome kabila langu katika jina. Hilo nalo linatia shaka.

Kompyuta yetu iko salama! Mama Tryphosa, anayetupikia chai, aliifunika kwa kitambaa chake cha kufuma kabla ya Krismasi, na anaamini ni kitambaa kilichozuia wezi. Sikubishana. Nimesoma wataalamu wa usalama wa mitandao wenye hoja dhaifu kuliko hiyo.

Mama Hulda, meneja wetu, alituhesabu kwa macho, akatoka nje kidogo, akarudi akasema tufanye kazi. Kazi ipi? Nani ananunua mbegu sasa? Jacktone wa mauzo alikuwa tayari kwenye kiti changu akicheza karata kwenye kompyuta. Anajiita mtu wa kompyuta kwa sababu anajua kubadilisha picha ya skrini. Nilimweleza kwamba antivirusi yetu iliisha muda wake Agosti. Akacheka. "Prof, huko nje kuna watu na mishale, na wewe unaogopa kadudu ka kompyuta?"

Jibu lilinijia nikiwa nimeshafika nyumbani. Naogopa vyote viwili. Tena naona ni kitu kimoja. Ndani ya kompyuta yetu kuna faili linaloitwa WATU. Wafanyakazi na mawakala, mia mbili na kumi na wawili. Jina kamili, wilaya ya kuzaliwa, mtaa, nambari ya simu ya jamaa wa karibu. Anayelipata faili hilo hahitaji kusimama barabarani akiitisha vitambulisho.

Jumatano, 23 Januari

Nina mpango.

Kanuni niliisoma katika jarida la zamani la kompyuta: kitu ambacho hujakihifadhi hakiwezi kuibwa. Rahisi! Jina la ukoo ndilo linalosema mtu ametoka wapi. Jina la ubatizo halisemi kitu. Stephen anaweza kutoka kokote. Basi nimefuta majina yote ya ukoo. Nimefuta wilaya. Nimefuta mitaa. Kisha nikapanga orodha upya kwa alfabeti, ili hata mpangilio usitoe siri. Dakika arobaini. Sijawahi kujisikia hodari hivyo tangu nimalize chuo.

Tatizo moja: Jacktone. Hilo ni jina lake la ubatizo, lakini nchi nzima inajua akina Jacktone hutoka upande wa ziwa. Kwa usalama wake nikamwandika John. Aliponiona alisimama nyuma yangu. Akasema babake alichagua jina Jacktone akiwa na akili zake zote na hajafa bado, kwa hivyo nikitaka kulibadilisha nipande gari nikamuulize. Watu hawathamini ulinzi.

Halafu mafaili ya karatasi. Yapo kwenye kabati, na kufuli lake hufunguka kwa kijiko. Nilimwambia Mama Hulda tuyachome. Nilijiandaa kumshawishi kwa nusu saa. Nilikuwa hata na mchoro. Alikubali kabla sijafungua mdomo vizuri. Hilo limeniogofya kuliko yote ya wiki hii: mtu mzima, mkali vile, kukubali haraka hivyo.

Tuliyachoma nyuma ya stoo. Mama Tryphosa akasema moto haupotezwi bure, akaweka sufuria juu yake. Chai ya leo ilipikwa kwa siri za watu mia mbili na kumi na wawili. Ilikuwa tamu.

Ijumaa, 25 Januari

Jacktone ana nakala! Faili zima la zamani, na majina yote, liko kwenye flashi anayoivaa shingoni kwa kamba kama medali. Anatembea nayo mjini. Anapita nayo kwenye vizuizi!

Nilimwomba aniazime kidogo nikague virusi. Nilivikuta vinne, kimoja sikuwahi kukiona ila kwa kusoma, na nikiri nilikitazama kwa heshima. Kisha nikafuta flashi yote. Haikuwa wivu. Ilikuwa wajibu. (Ilikuwa wivu kidogo. Flashi yake ina nafasi mara nne ya yangu.)

Ndani kulikuwa pia na picha za harusi ya dada yake. Sikujua. Jacktone hakupiga kelele. Alilegeza parafujo ya kiti changu, nikaandika barua za mchana mzima kidevu kikiwa sawa na meza.

Hata hivyo: hakuna karatasi, hakuna nakala, hakuna jina. Hakuna mtu duniani anayeweza kutumia lile faili kumpata mtu.

Jumatatu, 4 Februari

Mama Tryphosa huenda na akina mama wa kanisa lake kupika uji kwenye uwanja wa maonyesho, ambako waliochomewa nyumba wanalala kwenye hema. Jana alimkuta Wanyoike, mtunza stoo wetu. Yuko hai! Mama Hulda alikaa chini ghafla. Jacktone akasema "Asante Mungu" kwa lugha tatu.

Wanyoike hakuomba nguo wala chakula. Ameomba jambo moja. Siku walipokimbia, mkewe, mwenye mimba ya miezi saba, alipakiwa kwenye lori yeye akiwa amerudi ndani kuchukua vyeti. Lori likaondoka. Hajui lilikwenda wapi. Simu yake iliungua na nyumba. Mke lazima atakuwa amemtafuta kaka yake, lakini huyo kaka amehama mara mbili, na nambari yake Wanyoike haijui kwa kichwa. Nani siku hizi anajua nambari kwa kichwa? Ila anakumbuka aliiandika kwenye fomu alipoajiriwa, mahali pa jamaa wa karibu. Ijumaa malori ya wakimbizi yanaondoka na ulinzi wa polisi, moja la Nakuru, moja la Nyeri. Hajui apande lipi.

Mama Tryphosa alinipa ujumbe kama alivyoupokea. "Mwambie Khisa aangalie kwa kompyuta. Yule kijana hapotezi kitu."

Nikafungua WATU. Jina la ubatizo la Wanyoike ni Stephen.

Tunao akina Stephen saba. Bila ukoo, bila wilaya, bila mtaa. Nambari saba za simu, na hakuna inayosema ni ya nani.

Mama Hulda alitazama dirishani, upande wa nyuma ya stoo. Jacktone alishika flashi yake tupu shingoni, akaiachilia. Hakuna aliyenitukana. Ningependelea kutukanwa.

Jumanne, 5 Februari

Nimepiga nambari zote saba kwa simu ya ofisi. Jacktone alisema ni rahisi: ukipata mtu, muulize kama anamjua Wanyoike. Nikamweleza kwamba hivyo ndivyo watu hukamatwa. Nikimtajia mtu nisiyemjua kwamba Wanyoike yuko hai na yuko pale uwanjani, na mtu huyo si shemeji yake, nimefanya nini? Nimefanya kile ambacho faili lilikuwa linaweza kufanya. Jacktone akanisogezea simu. Mara ya kwanza kunikubalia tangu 2006.

Stephen wa kwanza: simu imezimwa.

Wa pili: bibi mzee. Hakunisikia, lakini aliniombea.

Wa tatu: mwanamume aliyedhani nampigia kuhusu ng'ombe. Alipojua sina habari za ng'ombe alinikasirikia kama kwamba mimi ndiye niliyemchukua.

Wa nne: mke wa wakala wetu wa Kitale. Alitaka kujua mbegu zao ziko wapi. Nilijiita John.

Wa tano: nambari haipo.

Wa saba: mwalimu mkuu wa Busia, dada wa wakala wetu mwingine. Alinisahihisha Kiswahili.

Wa sita nimemwacha makusudi nimwandike mwisho. Sauti ya mwanamume, ya upole, Kiswahili kilichosafishwa kisiseme kimetoka wapi. Nakijua Kiswahili hicho. Ndicho ninachozungumza mwenyewe tangu Desemba. Aliuliza mimi ni nani. Nikauliza yeye ni nani. Akasema aliyepiga ndiye hujitaja. Nikasema kwa sababu za usalama siwezi. Akasema hata yeye hawezi. Nikamuuliza kama kuna mtu wanamtafuta. Nilisikia kuku. Kisha akasema polepole, "Nani amekutuma?" Nikasema siwezi kusema. Akakata.

Mama Tryphosa alikuwa ameshika birika muda wote huo. Akasema hajawahi kuona watu wawili wakigongana mlangoni namna hiyo, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie.

Jumatano, 6 Februari

Sijafanya kazi yoyote leo asubuhi. Nimefikiri.

Kompyuta mbili zikitaka kuzungumza, moja husalimu kwanza. Hutuma salamu yake gizani, na anwani yake ndani, bila kujua upande wa pili ni rafiki au mwizi. Ya pili huitikia. Ya kwanza hukiri imesikia. Ndipo mazungumzo huanza. Nilipojifunza haya chuoni niliyaona kasoro kubwa, nikaandika kwenye daftari: hapa ndipo hatari ilipo. Sikukosea. Ndipo hatari ilipo. Lakini kama zote zingengoja, kusingekuwa na mtandao. Kungekuwa na mashine milioni mia, zote salama, zote kimya.

Saa tano nikapiga ile nambari ya sita. Jacktone alinishikia simu sikioni nisije nikakata. Nikasema kwa pumzi moja: naitwa Nicholas Khisa, baba yangu ni Mzee Sifuna wa Kimilili, nakaa Langas nyuma ya kanisa, ni karani wa mbegu hapa Eldoret, nafanya kazi na Wanyoike, na ni mimi niliyeharibu faili.

Hakuna neno langu la siri lililowahi kuwa refu hivyo, na nimelimwaga lote kwa mgeni.

Kuku tena. Kisha sauti ikabadilika, ikarudi kwao, ikawa na kijiji ndani yake.

"Mimi ni Githinji," akasema. "Nyahururu. Dada yangu yuko hapa. Hali chakula, anakaa tu akitazama barabara. Huyo Wanyoike yuko hai?"

Nikasema yuko hai. Nikasikia akiweka simu chini bila kuikata, na akikimbia.

Ijumaa, 8 Februari

Jacktone ndiye aliyekwenda uwanjani jana na simu yake mwenyewe, akapita vizuizi viwili. Sikumwomba. Anasema Wanyoike alizungumza na mkewe dakika kumi na hakusema neno ila "ĩĩ", ndiyo ya lugha ya kwao, na kila mara alipolisema alifuta uso.

Leo amepanda lori la Nakuru. Shemeji atamngoja huko.

Nimemrudishia Jacktone jina lake kwenye faili, kwa herufi nzito. Akasema asante Prof, kisha akaniomba radhi kwa ile parafujo. Nami nikaomba radhi kwa harusi. Mama Hulda ameniambia nina moyo. Nimetafakari sana maana ya mambo haya yote. Nahisi nimekuwa mtu mwingine.

Jumatatu, 3 Machi

Mkataba wa amani umetiwa saini Nairobi. Wafanyakazi wanarudi mmoja mmoja. Ofisi sasa ina watu tisa, na nimekuwa na wiki tatu za kuchunguza kosa langu kwa utulivu. Nimelipata!

Kosa lilikuwa kutumia majina ya ubatizo. Stephen wanaweza kuwa saba. Nambari haiwezi kuwa mbili.

Kwa hiyo nimefuta majina yote. Kila mtu sasa ni nambari, na kila mtu nimempa neno lake la siri, nikimnong'onezea sikioni mle stoo. Halijaandikwa popote. Anayepiga simu bila neno hahudumiwi, hata awe nani. Wanyoike atapewa lake akirudi, maana neno la siri halipitishwi kwenye simu. Jacktone amesema nitakuja kulia. Mama Hulda amesema nifanye nipendavyo mradi nisiwashe moto.

Mfumo umejaribiwa leo leo! Saa nne simu ililia. Mtu akacheka, akaniita Khisa, akasema ni Wanyoike, yuko Nyahururu, mkewe amejifungua na wote ni wazima. Nikamwomba neno la siri. Akasema neno gani? Nikamweleza utaratibu. Akadhani natania. Akakohoa kile kikohozi cha Wanyoike, cha vumbi la mbolea, na nikiri aliyemfundisha ni hodari. Akasema, "Khisa, wacha mchezo, salio linaisha, nimepiga nikuambie wewe kwanza kabla ya mtu yeyote. Mtoto tumemwita..."

Nikakata.

Mdukuzi wa kwanza, na hakupata kitu! Baada ya kitambo kidogo Mama Hulda akapita akaniuliza kama Wanyoike amepiga simu, kwa kuwa wote wanangoja habari za mtoto. Nimemwambia bado.