Fisi na Ghorofa ya Saba

Jumatatu, 6 Mei

Mji huu ukiniondoa mimi, linabaki vumbi tu. Nasema kweli. Lifti za majengo yote marefu zimepita mikononi mwangu, na wahandisi walikuwa wakija kuninong'oneza maswali. Wapwa zangu wanajua. Nimewasimulia mara nyingi.

Leo kazi mbili zinanigombania! Ya kwanza iko mkononi: mtunza stoo kwenye karakana ya samani. Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye aliyeniombea. Barua ninayo, imebaki saini. Ya pili ni usaili, Alhamisi saa nne asubuhi: msimamizi wa jengo la ghorofa kumi. Msimamizi! Watu watakuwa wananiamkia. Kwenye maombi niliandika kwamba nimehudumia lifti miaka kumi na miwili. Kalamu iliteleza, nikaiacha iteleze.

Mke wangu hakushangilia. Miezi minane sina kazi. Cherehani yake ndiyo inatulisha, na macho yameanza kumwasha. Akasema, baba watoto, moja shika, si kumi nenda urudi. Shemeji akachomekea: njia mbili zilimshinda fisi.

Nikamjibu fisi hakuwa na akili zangu.

Jumanne, 7 Mei

Mbinu! Fundi mkuu wa karakana anataka saini leo. Nimemtuma shemeji amwambie mgongo umenikamata, hata kuinama nisaini siwezi. Shemeji kanitazama kama mtu anayenusa maziwa yaliyolala. Lakini kaenda.

Saa kumi alasiri niko uani, nafanya mazoezi ya kutembea kimsimamizi. Mikono nyuma, kidevu juu. Mara hodi! Fundi mkuu mwenyewe! Nikajitupa mkekani kama gunia. Mzee ana huruma, na hapo ndipo balaa lilipo. Kaja na dawa ya kuchua. Akasema mgongo anaujua, mbao zimemfundisha. Akakunja mikono ya shati.

Viganja vyake ni msasa mtupu. Alinipiga randa kutoka shingoni hadi kiunoni. Nikipiga kelele, anasema vumilia kijana, ndiyo unaachia huo. Mke wangu kasimama mlangoni, anajiuma mdomo asicheke.

Nimepewa mpaka Alhamisi saa sita kamili mchana. Saa hiyo linaingia lori la mbao, na stoo haiwezi kupokea mzigo bila mtu. Ikizidi hata dakika moja, mzee anatafuta mwingine.

Usaili saa nne, saini saa sita. Hesabu inakubali!

Jumatano, 8 Mei

Mgongo unauma. Sasa unauma kweli! Nimeamka kama ndoano. Mke wangu kasema njia ya mwongo ni fupi, kisha akanivuta mkono niinuke.

Baadaye akasimamisha cherehani. Akasema taratibu kwamba hiyo stoo nikiikosa, yeye cherehani anaifunika, tuone tutakula nini. Hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililonitisha. Nikamwapia: saa sita nitakuwa karakana, hata kwa kutambaa.

Jioni shemeji kachungulia dirishani. Kauliza, fisi hajambo? Nikampungia mkono nikitazama ukuta. Ningegeuka, mgongo ungelia.

Alhamisi, 9 Mei

Saa nne kasoro kumi niko chini ya jengo. Usaili ghorofa ya saba. Mlinzi akanionyesha lifti, mlango u wazi. Nikamwambia msimamizi hukagua ngazi kwanza. Ghorofa ya tatu, mgongo ukaita. Ya tano nikakaa chini. Ya saba nimefika saa nne na dakika ishirini na tano, shati limelowa chapachapa.

Walinisubiri! Mama mwenyekiti akasema hajapata kuona mwombaji aliyekagua ngazi zote kabla ya kuajiriwa. Nikapata nguvu. Nikawamwagia maneno, wakacheka, wakaandika. Nikatupia jicho saa ya ukutani. Saa tano na nusu! Mama akasema limebaki jambo moja dogo: nipande lifti na fundi wao, isimamishwe katikati ya ghorofa mbili, niwaonyeshe ninavyowatoa watu waliokwama.

Nikasema, mgongo! Wakatazamana. Mama akasema watanipigia. Kwa wema wake akaniitia lifti inishushe. Nikaaga, nikakimbilia ngazi.

Saa sita na dakika ishirini, karakana. Lori limeshashusha. Katikati ya mbao kasimama mtu, penseli sikioni, funguo za stoo kiunoni. Mke wangu! Alikuja kuniombea robo saa. Akiwa anaomba, dereva akaanza kushusha, naye akahesabu kwa mazoea yake ya vitambaa, akaona mbao kumi na moja hazipo. Dereva akazikuta chini ya turubai. Eti alizisahau! Fundi mkuu akasema stoo imepata mwenyewe.

Nikapanda juu ya mbao, nikafungua mdomo. Mke wangu akaniwahi: "Baba watoto, shuka kwenye hizo mbao. Bado sijaziandika."

Ijumaa, 10 Mei

Nimewapigia simu wapwa. Sasa mimi ni mshauri mkuu wa stoo, nashauri kutokea nyumbani. Cherehani imefunikwa, lakini kwa heri.

Mchana simu. Mama mwenyekiti! Kumbe walinipenda. Nirudi Jumatatu saa nne kwa lile jaribio la lifti. Nikasema nitakuja. Jioni shemeji: karakana inataka mlinzi wa geti, nikasaini Jumatatu, saa nne hiyohiyo. Nikasema nitakuja. Safari hii nitasingizia goti. Nimeshaanza kuchechemea ili lizoee. Fisi hakuwa na goti kama langu!

Mke wangu kauliza, lifti umezihudumia miaka kumi na miwili, jana ilikushinda nini? Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu.

Humu tuko wawili, mimi na daftari. Lifti nimepanda mara moja tu maishani, kutoka chini hadi ghorofa ya kwanza. Nilitoka nimeng'ang'ania mkono wa bibi kizee nisiyemjua, naye ananibembeleza nisilie.